JA'FAR MBELE YA NAJASHI: WASEMAJI WAWILI, UKUMBI MMOJA



Ndugu zangu na dada zangu katika imani, vijana wengi huniuliza swali moja kwa sura tofauti. Huyu ana usaili wa kazi. Yule anakwenda kutetea utafiti wake chuoni. Mwingine ametakiwa asimame mbele ya kamati ya msikiti aeleze mradi wa madrasa. Wote wanataka kujua: nitasimamaje mbele ya watu, niseme, na wanielewe?

Kuna mafunzo mengi siku hizi ya kutengeneza slaidi, ya kutumia mikono, ya kumtazama mtu usoni. Si mabaya, yachukueni. Lakini leo nataka tukae na kisa kimoja cha historia, kisa cha waliosimama na kusema huku roho za watu zikitegemea maneno yao. Wengi wetu tunakijua tangu madrasa. Leo tukisome kwa jicho jingine: walijiandaa vipi, walipanga vipi maneno yao, na kwa nini mmoja alisikika na mwingine akarudi na zawadi zake mkononi.

Ni somo refu kidogo. Soma mpaka mwisho, inshaAllah utatoka na kitu.

*HALI ILIVYOKUWA*

Mwaka wa 5 wa Utume, sawa na mwaka 615 Miladia, Makka ilikuwa imekuwa nzito kwa Waislamu. Wasiokuwa na ukoo wenye nguvu waliteswa hadharani. Mtume (s.a.w.) akawaelekeza wahamie Habasha, ng'ambo ya Bahari ya Sham, kwa kuwa huko kulikuwa na mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Kundi la kwanza lilikuwa dogo, akiwemo Uthman bin Affan na mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (s.a.w.). Baadaye likaenda kundi kubwa zaidi, na waandishi wa Sira wanataja wanaume zaidi ya 80, mbali na wanawake na watoto.

Habasha haikuwa pori. Ilikuwa nchi ya ufalme wa Aksum, ambao mji wake mkuu wa kale upo mpaka leo kaskazini mwa Ethiopia. Ilikuwa na wafalme, wafanyabiashara na sarafu zake yenyewe. Na jambo hili liweke akilini kwa sababu tutalirudia: ilikuwa nchi ya Kikristo tangu zama za Mfalme Ezana, katika karne ya 4. Yaani walipofika Maswahaba, Ukristo ulikuwa umeshakaa pale kwa karibu miaka 300. Mfalme wake aliitwa kwa cheo cha Najashi, na jina lake katika vitabu vyetu ni As'hama.

Aliyetusimulia kisa hiki kwa urefu ni mama yetu Ummu Salama (r.a.). Alikuwa huko Habasha mwenyewe pamoja na mumewe Abu Salama, kabla hajawa mke wa Mtume (s.a.w.). Kwa hiyo tunasoma habari ya mtu aliyekuwa mmoja wa wakimbizi wale.

*AMRU ALIVYOJIANDAA*

Makureshi walipoona watu wao wametulia ugenini, wanaabudu na hawaudhiwi na mtu, hawakustahimili. Wakatuma wajumbe wawili: Abdullah bin Abi Rabia na Amru bin Al-Aas. Wakati huo Amru hakuwa Muislamu, na Waarabu walimjua kwa werevu wake.

Tazama alivyojiandaa. Kwanza, waliuliza Najashi anapenda nini kutoka Makka. Jibu: ngozi zilizotengenezwa vizuri. Wakakusanya ngozi nyingi za kumzawadia. Pili, hawakumwendea mfalme moja kwa moja. Walianza kwa wakuu wa baraza lake, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja wakampa zawadi yake. Tatu, walimwambia kila mkuu walichokuja kukitaka, na wakamwomba: tukizungumza na mfalme, mshaurini awakabidhi watu hawa kwetu bila kusema nao.

Kwa hiyo siku ya kikao ilipofika, ukumbi mzima ulikuwa upande wao kabla neno la kwanza halijasemwa.

Na maneno yao yalipofika, yalikuwa mafupi na yaliyopimwa. Walimweleza mfalme kwamba vijana wapumbavu wa kwao wamekimbilia nchini kwake. Wameacha dini ya watu wao, na wala hawakuingia katika dini yake yeye, bali wameleta dini mpya isiyojulikana na upande wowote. Na waliotutuma ni baba zao, ami zao na wakubwa wa koo zao, ambao ndio wanaowajua zaidi.

Hebu zingatia, ndugu yangu. Kila sentensi ilichaguliwa kwa ajili ya sikio la mfalme. Ukisema ni vijana wapumbavu, umeshawavunjia heshima kabla hawajaonekana. Ukisema hawakuingia dini yako, umegusa imani yake. Ukitaja baba na ami, umegusa heshima ya wazee, na mtawala yeyote anaijua. Wakuu wa baraza wakaitikia kama walivyoombwa: wamesema kweli, wakabidhi.

Kama tungetoa alama kwa maandalizi, Amru angepata alama za juu. Hili lisemwe kwa uadilifu.

Lakini Ummu Salama (r.a.) anataja jambo moja ambalo ndilo ufunguo wa kisa chote: hakukuwa na kitu walichokichukia wajumbe wale kuliko Najashi kuyasikia maneno ya Waislamu. Shika hapo. Tutarudi.

Najashi alikasirika. Akakataa kuwakabidhi watu waliokuja kuishi chini ya ulinzi wake, wakamchagua yeye kuliko wafalme wengine, mpaka awaite na kuwauliza mwenyewe.

*KIKAO CHA WAKIMBIZI*

Mjumbe wa mfalme alipowafikia, Waislamu walikusanyika wakaulizana: mtamwambia nini mtu huyu mkifika kwake? Hawana zawadi. Hawana mtu barazani. Hawajui wameshasemwa vipi.

Wangeweza kutunga hadithi. Wangeweza kukubaliana waifiche tofauti yao na Ukristo, au wajifanye ni jamaa waliogombana na wazee wao tu. Makubaliano yao yakawa haya: tutasema tunayoyajua, na aliyotuamrisha Mtume wetu, na liwe litakalokuwa. Kisha akasema mmoja kwa niaba ya wote, Ja'far bin Abi Talib (r.a.), binamu yake Mtume (s.a.w.). Alikuwa bado kijana, akimzidi nduguye Ali kwa miaka ipatayo 10.

Kuna watu husikia "sema ukweli tu" wakadhani maana yake ni kutojiandaa. Wanasimama na kusema kila kinachowajia, wakimaliza wanasema, mimi ni mtu wa moyo safi. Sivyo walivyofanya hawa. Kwanza walikubaliana juu ya msimamo, na msemaji akawa mmoja. Ukweli wao ulikuwa na mpangilio.

*HOTUBA YENYEWE*

Walipoingia, maaskofu walikuwa wameketi kumzunguka mfalme, vitabu vyao vimefunuliwa mbele yao. Katika riwaya nyingine iliyopokewa kwa Ibn Mas'ud (r.a.), Ja'far aliingia akatoa salamu lakini hakusujudu, na alipoulizwa akaeleza kwamba wao hawamsujudii ila Allah. Heshima ilikuwepo, ya kujipendekeza haikuwepo.

Najashi akauliza: ni dini gani hii mliyowaachia watu wenu, wala hamkuingia katika dini yangu wala katika dini nyingine yoyote? Unaona? Swali la mfalme limebeba maneno ya Amru ndani yake. Ja'far anaanza akiwa nyuma.

Sasa tazama alivyopanga jibu lake. Nitalieleza kwa maana, sehemu kwa sehemu.

Sehemu ya kwanza: tulivyokuwa. Alimweleza mfalme kwamba walikuwa watu wa ujinga. Wakiabudu masanamu, wakila mizoga, wakifanya machafu, wakikata udugu, wakimfanyia jirani ubaya, na mwenye nguvu kati yao akimla mnyonge. Hakuanza kwa kuwatukana Makureshi waliosimama mbele yake. Alisema "sisi". Na mfalme Mkristo, pamoja na maaskofu wake, hakuhitaji kushawishiwa kwamba masanamu na dhuluma ni vibaya. Ja'far alianza pale ambapo msikilizaji wake yuko tayari.

Sehemu ya pili: kilichotokea. Allah akawatumia Mtume kutoka miongoni mwao, mtu ambaye wanaujua ukoo wake, ukweli wake, uaminifu wake na kujihifadhi kwake. Amru alisema ni dini mpya isiyojulikana. Ja'far hakubishana na neno hilo. Alimweka mbele ya mfalme mtu anayejulikana.

Sehemu ya tatu: anachokifundisha. Kumuabudu Allah peke yake. Kusema kweli, kurudisha amana, kuunga udugu, kumtendea jirani wema, kuacha damu na machafu, kutokula mali ya yatima, kutowasingizia wanawake watwaharifu. Kisha sala, zaka na saumu. Iweke orodha hii kando ya ile ya kwanza, utaona zinajibizana: udugu uliokatwa kule, hapa unaungwa, jirani aliyedhulumiwa kule, hapa anatendewa wema. Msikilizaji hahitaji kuandika. Kichwa chake kinazishika mwenyewe.

Sehemu ya nne: waliyotendewa. Tukamwamini, watu wetu wakatuonea, wakatutesa ili waturudishe kwenye masanamu. Maneno machache, bila kuhesabu kila kofi na kila kamba.

Sehemu ya tano: kwa nini tuko hapa. Tumekuja nchini kwako, tukakuchagua wewe kuliko wengine, tukataka ujirani wako, tukataraji kwamba kwako hatutadhulumiwa, ewe mfalme.

Allahu Akbar. Mwisho wa hotuba umetua kwa mfalme mwenyewe. Hakuombwa fedha wala jeshi. Alikumbushwa yeye ni nani, na watu wanamjua kwa nini. Uamuzi ukabaki mikononi mwake.

Na hotuba yote, kama ilivyotufikia, ukiisoma kwa utulivu haitakumaliza dakika tatu.

*AYA ZIPI ASOME?*

Najashi akauliza kama wana chochote katika yale aliyokuja nayo Mtume wao. Ja'far akasema ndiyo. Akatakiwa asome.

Hapa ndipo ninapotaka vijana wangu wasimame. Qur'ani iliyokuwa imeshateremka Makka ilikuwa na mambo mengi. Kulikuwa na sura zinazowakemea washirikina wa Kikureshi, na wajumbe wao walikuwa wamesimama pale pale. Mtu mwenye hasira angezichagua hizo, awapige kwa aya. Ja'far akasoma mwanzo wa Surat Maryam: habari za Zakariya katika uzee wake, za Yahya, za Maryam na uchungu wake wa kujifungua, za Isa.

Kumbuka ile miaka 300. Mbele yake wapo watu waliokua na majina hayo. Hakuhitaji kuwafafanulia Maryam ni nani. Ummu Salama (r.a.) anasimulia kwamba Najashi alilia mpaka ndevu zake zikalowa, na maaskofu wakalia mpaka vitabu vyao vikalowa. Akasema kwamba haya na yale aliyokuja nayo Isa yanatoka katika taa moja. Akawaambia wajumbe wa Makka waondoke, hawakabidhi.

*SIKU YA PILI*

Kama kisa kingeishia hapo, mtu angesema: aah, Ja'far alijua kumpendeza mfalme. Alichagua aya laini. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni.

Hakikuishia hapo. Amru alitoka akiapa kwamba kesho atakuja na jambo litakalowang'oa kabisa. Mwenzake Abdullah alimsihi aache, kwa kuwa wale, pamoja na yote, ni jamaa zao. Hakumsikiliza. Kesho yake akamwambia mfalme kwamba watu hawa wanasema neno zito kuhusu Isa bin Maryam: waulize.

Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Waislamu walikusanyika tena, na Ummu Salama anasema hawakuwahi kupatwa na jambo kama lile. Jana kilichowaokoa ni kile wanachoafikiana na mfalme. Leo wameulizwa kile wanachohitilafiana naye, mbele ya maaskofu wake. Na bado wakakubaliana vile vile: tutasema alichokisema Allah na alichotuletea Mtume wetu, liwe litakalokuwa.

Ja'far akajibu kwamba Isa ni mja wa Allah na Mtume wake, na roho itokayo kwake, na neno lake alilompa Maryam, bikira mtakatifu. Hakukipunguza. Hakulificha neno "mja". Na pia hakuongeza ukali usiotakiwa. Alisema imani yake kamili kwa maneno ya heshima.

Najashi akainama, akaokota kijiti chini, akasema kwamba Isa hazidi yale uliyoyasema hata kwa kadiri ya kijiti hiki. Wakuu wake wakaguna, naye akawaambia, hata mkiguna. Akawapa Waislamu amani katika nchi yake, na akaamuru zawadi za Makka zirudishwe. Wajumbe wakatoka na ngozi zao.

*KILICHOWATENGANISHA*

Sasa turudi pale niliposema shika hapo.

Amru alimjua msikilizaji wake. Ja'far naye alimjua msikilizaji wake. Wote wawili walijiandaa. Wote wawili walisema kwa ufupi. Wote wawili walichagua maneno. Kwa ufundi, hawakuachana mbali.

Tofauti ni hii: Amru alitumia ujuzi wake ili mfalme asisikie. Zawadi zile, ushauri ule wa baraza, lile ombi la kuwakabidhi watu bila kusema nao, vyote vilikuwa pazia. Ja'far alitumia ujuzi wake ili mfalme asikie. Alianza na anayoyajua mfalme ili kumfikisha kwa asiyoyajua, na siku ya pili alipoulizwa lililofichika zaidi, alilifunua mwenyewe.

Kuchagua pa kuanzia si kuficha. Kuficha ni pale unapoomba Mungu mtu asije akauliza.

Hapo ndipo penye kipimo, ndugu yangu, kabla hujafungua kompyuta kutengeneza slaidi zako. Jiulize: je, kuna swali ambalo ninaogopa waliokaa mbele yangu waniulize? Kama lipo, basi ama litie ndani ya maelezo yako ulijibu, au ujue kwamba unachokitengeneza ni pazia.

*SISI LEO*

Mweka hazina wa msikiti anasimama kusoma taarifa ya mapato na matumizi. Ana kurasa 30 za tarakimu kwa herufi ndogo, zinapita ukutani upesi upesi, na waumini wanaitikia "maashaAllah" bila kuona kitu. Inawezekana hakuiba hata shilingi. Lakini amewanyima watu haki ya kuelewa mali yao. Angesema mambo matatu yangetosha: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki na kiko wapi. Kisha anyamaze aulizwe.

Kijana anatafuta mtaji wa biashara. Anaeleza faida kwa picha za rangi, hasara anaipitia kwa neno moja. Mwenye fedha akija kuigundua baadaye, hatakumbuka zile rangi.

Mhadhiri wetu anapanda mimbari na mada moja, anatoka nayo ikiwa saba. Saa nzima. Wafanyakazi wana dakika chache za mapumziko, yeye anaendelea. Ammar bin Yasir (r.a.) alihutubu kwa ufupi, na alipoambiwa angerefusha, akataja kwamba alimsikia Mtume (s.a.w.) akieleza kuwa kurefusha sala na kufupisha hotuba ni alama ya mtu mwenye fahamu. Hadithi hii ameipokea Muslim.

Na msidhani picha na michoro ni uzushi wa zama hizi. Katika Sahihi Bukhari, Ibn Mas'ud (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwachorea umbo la pembe nne, akachora mstari katikati unaotoka nje ya umbo, na vistari vidogo vikiuelekea ule wa katikati. Akawaeleza: huyu ni mwanadamu, hii ajali yake imemzunguka, huu uliotoka nje ni matumaini yake, na hivi vidogo ni misukosuko, kikimkosa hiki kinampata kile. Mchoro mmoja. Mistari michache. Hakuna neno lililoandikwa juu yake, kwa kuwa maneno aliyasema mwenyewe. Linganisha na slaidi zetu, ambapo mzungumzaji anaandika hotuba nzima ukutani kisha anageuka kutusomea, kana kwamba tumesahau kusoma.

Ali (r.a.), ndugu yake Ja'far, alituusia tuzungumze na watu kwa kadiri ya wanavyofahamu, isije ikawa sababu ya kukadhibishwa Allah na Mtume wake. Yaani mzigo wa kueleweka uko kwa anayesema. Ukisema kweli vibaya mpaka ikakataliwa, una fungu lako katika kukataliwa kule.

*WALIKOISHIA*

Ja'far (r.a.) alibaki Habasha miaka mingi, akarudi Madina mwaka wa 7 Hijria, wakati wa Khaybar. Mwaka uliofuata alikufa shahidi katika vita vya Mu'ta, bendera mkononi.

Najashi As'hama alipofariki, Mtume (s.a.w.) aliwatangazia Maswahaba siku ile ile, akawapanga safu, akamsalia sala ya jeneza kwa takbira nne, naye yuko mbali. Hiyo imo katika Bukhari na Muslim.

Na Amru? Mwaka wa 8 Hijria alikwenda Madina mwenyewe akasilimu. Na katika riwaya ya kusilimu kwake inatajwa kwamba jambo hilo lilianzia Habasha, kwa Najashi yule yule. Mtu aliyekuja kuziba sikio la mfalme, mfalme ndiye aliyemfungua la kwake. Allah humuongoza amtakaye.

Basi ukisimama mbele ya watu, iwe darasani, ofisini au msikitini, simama kama mtu anayetaka asikike, si kama mtu anayeogopa kuulizwa. Wajue waliokaa mbele yako. Anza na wanalolijua. Fupisha. Na lile gumu, usisubiri Amru aje alitoe.

Ewe Mola wetu, zifanye ndimi zetu ziwe nyepesi kwa haki na nzito kwa batili. Wape vijana wetu ufasaha wenye uaminifu ndani yake. Amin.

Wallahu a'lam.

Ukiona limekufaa, mfikishie mwenzako mwenye usaili au mhadhara wiki hii.